Vifungashio vya Wanga na Protini: Vinaweza Nini, Haviwezi Nini?

Mfanyabiashara yeyote wa soko la Kitale, Kiminini, Chwele au Kimilili analijua swali hili: mteja amenunua nyanya, zifungwe kwa nini? Tangu tarehe 28 Agosti 2017, juala la plastiki ni marufuku nchini Kenya. Agizo hilo lilitolewa kupitia Gazeti Rasmi la Serikali mnamo 28 Februari mwaka huo huo, katika notisi nambari 2356, na anayelivunja anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 4 au kufungwa jela hadi miaka 4. Hata hivyo majuala bado hupenyezwa kwa magendo, na bado tunayaona yakiziba mitaro na kuliwa na ng'ombe wanaozurura.

Mnamo Aprili 2024 Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, ilienda hatua moja zaidi. Ilitoa notisi kwamba taka zinazooza, kama vile maganda ya ndizi na mabaki ya chakula, zitenganishwe na kukusanywa katika mifuko inayooza kabisa, si ya plastiki. Kwa sababu hiyo, neno "inayooza" limekuwa na thamani ya pesa, na penye pesa ujanja haukosi. Mkazi anaweza kuuziwa mfuko unaosemekana umetengenezwa kwa mahindi, au karatasi nyembamba inayodaiwa kuwa "ya asili", bila kujua anachokinunua.

Makala haya yanaeleza kundi moja la vifungashio hivyo: tando nyembamba zinazotengenezwa kwa kuchanganya wanga na jamaa zake na protini za mimea au wanyama. Malighafi yake tunayo hapa nyumbani: mahindi, muhogo, maziwa na ngozi. Ni bidhaa yenye uwezo wa kweli na udhaifu wa kweli, na anayeijua vizuri hatapoteza pesa zake.

UTANDO NI NINI?

Umeshauona jikoni mara nyingi. Ugali ukishapakuliwa na sufuria ikaachwa ikauke, ukoko hujibandua ukiwa mwembamba na mgumu kama karatasi. Maziwa yaliyochemka yakipoa, juu yake hutanda ngozi laini unayoweza kuinua kwa kijiko. Uji ulioachwa mezani hufanya vivyo hivyo. Ukoko kwa sehemu kubwa ni wanga uliokauka. Ngozi ya maziwa ni protini iliyoshikana, pamoja na mafuta yake. Viwandani na kwenye maabara, watu hufanya jambo hilo hilo kwa vipimo.

Malighafi hizi ziko katika koo mbili. Ukoo wa kwanza ni polisakaridi, yaani minyororo mirefu iliyoundwa kwa vipande vya sukari vilivyounganishwa. Wanga wa mahindi na wa muhogo umo katika ukoo huu. Selulosi iliyo ndani ya mbao pia imo, ile ambayo kiwanda cha karatasi cha Webuye, kilichoanza kazi mwaka 1974, kilijengwa ili kuitoa kwenye miti. Wamo pia pektini ya maganda ya matunda, karajinani inayotolewa kwenye mwani unaolimwa Kibuyuni katika Kaunti ya Kwale na kule Zanzibar, na kitosani inayotokana na magamba ya kamba na kaa.

Ukoo wa pili ni protini, ambazo ni minyororo ya amino asidi. Kuna kaseini ya maziwa, protini za yale maji yanayobaki jibini inapotengenezwa, protini ya soya, na jelatini inayopikwa kutoka kwenye ngozi na mifupa. Mahindi yenyewe yana protini yake iitwayo zeini, ambayo ni karibu nusu ya protini yote iliyo kwenye punje. Zeini haiyeyuki katika maji matupu bali katika pombe iliyochanganywa na maji kidogo. Kwa sababu hiyo hutumiwa kupaka tembe za dawa na peremende ili zing'ae na zisishike unyevu upesi.

KWA NINI KUCHANGANYA?

Kwa sababu kila ukoo peke yake una kasoro.

Utando wa wanga mtupu ni rahisi kutengeneza, lakini ukikauka huvunjika kama ukoko. Ukikaa wiki kadhaa huzidi kuwa mgumu, kwa kuwa minyororo ya wanga hujipanga upya na kubanana, jambo lile lile linalofanya mkate uchakae. Ukilowa, hulainika na kuraruka.

Utando wa jelatini ni wazi na imara, lakini maji ya uvuguvugu tu yanatosha kuuyeyusha. Ule wa zeini hustahimili maji vizuri zaidi, ila ni mkavu na huvunjika upesi. Ule wa protini za maziwa hung'aa na huzuia hewa, lakini ni lazima protini zipashwe moto kwanza, kiasi cha nyuzi joto 70 hadi 90 za Selsiasi, ili zijikunjue na kushikana.

Fikiria nyumba ya udongo. Fito peke yake zina nafasi, upepo unapita. Udongo peke yake ukikauka hupasuka na kuanguka. Vikiwa pamoja, fito hubeba na udongo huziba. Minyororo mirefu ya polisakaridi hufanya kazi ya fito na protini hujaza katikati, huku zikishikana kwa mivuto midogo midogo baina ya sehemu zake. Mchanganyiko uliopimwa vizuri huweza kuwa na nguvu kuliko kila kimoja kikiwa peke yake. Wanga ukiongezewa jelatini, kwa mfano, hutoa utando unaonyumbulika na kustahimili mvuto kuliko wanga mtupu.

Kuna mshiriki wa tatu ambaye hutajwa mara chache: gliserini, ile ile tunayopaka ngozi wakati wa kiangazi. Huingia kati ya minyororo na kuiwezesha kuteleza, hivyo utando hukunjika bila kuvunjika. Ikiwa kidogo, utando unapasuka. Ikizidi, unakuwa laini, unanata mikononi na unavuta unyevu kutoka hewani.

NI NDOA INAYOTAKA MASHARTI

Si kila wanga na protini vinapatana. Vingine vikitiwa chombo kimoja hujitenga, na utando wake hutoka na mabakamabaka na kukatika pale viwili hivyo vinapokutana.

Ukali wa mchanganyiko, yaani wingi wa asidi, ndio huamua mengi. Kila aliyewahi kukamulia ndimu ndani ya maziwa amelishuhudia jambo hili. Maziwa mabichi yana kipimo cha asidi, kinachoitwa pH, cha karibu 6.7. Yakishuka hadi 4.6, kaseini hupoteza chaji zinazoiweka mbalimbali, hukusanyika na kuwa mabonge. Fundi anayetaka utando laini wa kaseini hana budi kukaa mbali na kipimo hicho.

Kitosani nayo huyeyuka katika kitu chenye asidi kama siki, na ikiwa humo hubeba chaji chanya. Ikikutana na protini yenye chaji hasi, hukumbatiana kwa nguvu. Wakikutana kwa pupa, hufanya mabonge na kuzama. Wakikutana taratibu, hujenga utando imara. Kitosani ina faida nyingine: hudumaza bakteria na ukungu, na kwa hiyo huchaguliwa pale chakula kinapohitaji kukaa.

SIFA NNE ZA KUANGALIA

Hewa. Hapa ndipo tando hizi zinapong'ara. Zikiwa kavu, huzuia oksijeni vizuri sana, hata kuliko plastiki nyepesi ya juala. Oksijeni ndiyo huharibu ladha ya karanga na vyakula vya mafuta, hivyo kizuizi hicho ni cha maana.

Maji. Hapa ndipo zinaposhindwa. Wanga na protini hupenda maji. Mvuke hupita ndani yake kwa urahisi kuliko unavyopita kwenye plastiki, na zikishavuta unyevu hata ule uwezo wa kuzuia hewa hupungua. Kuanzia Aprili, mvua inapoanza kunyesha karibu kila alasiri hapa Kitale na Bungoma, utando uliokuwa mkakamavu mwezi Januari hulegea. Kuongeza zeini, nta ya nyuki au mafuta hupunguza tatizo hili bila kulimaliza.

Nguvu. Utando huu unaweza kufunga, kufunika na kutenganisha vitu. Kubeba mzigo ni jambo jingine. Kilo 2 za sukari, labda. Kilo 10 za viazi juu ya bodaboda, hapana.

Kuoza. Ukifukiwa kwenye udongo wenye unyevu na hewa, viumbe vidogo vya udongo huula kama wanavyokula maganda, na huchukua wiki au miezi kutegemea unene wake. Ukiwekwa kabatini mahali pakavu hukaa muda mrefu. Neno "unaooza" halina maana kwamba utautupa kwenye mtaro na kesho usiwepo. Taka ni taka mpaka zifike shimo la mboji.

UNAFAA WAPI, HAUFAI WAPI?

Matumizi yenye mafanikio zaidi hayaonekani kwa macho, kwa kuwa utando hupakwa juu ya tunda lenyewe. Ndizi, parachichi au nyanya huchovywa kwenye mchanganyiko mwepesi na kuachwa zikauke. Tunda lililovunwa bado linapumua. Utando hupunguza kasi ya oksijeni kuingia, na tunda huchelewa kuiva. Kwa mkulima ambaye lori limekwama kwenye matope, siku chache za ziada ni pesa. Tahadhari ni kwamba ukipaka mzito kupita kiasi, tunda hukosa hewa kabisa, huchacha ndani na kupata ladha ya pombe.

Tando hizi hufaa pia kwa bidhaa kavu zisizokaa sana: majani ya chai, viungo, peremende. Maganda ya kapsuli nyingi za dawa unazomeza ni utando wa jelatini. Soseji nyingi nazo zimevikwa utando wa kolajeni, protini inayozaa jelatini.

Hazifai kubebea maziwa, samaki mbichi, nyama au mboga zilizotoka kuoshwa. Na jambo moja tunalisisitiza kwa wakulima wa Trans Nzoia na Bungoma: hazifai kuhifadhia mahindi. Mahindi hutakiwa kukaushwa hadi unyevu usizidi asilimia 13.5, kisha yakingwe yasivute unyevu tena. Utando unaopitisha mvuke utayarudishia maji, na maji ndiyo hukaribisha ukungu wenye sumu ya aflatoksini. Kwa kazi hiyo, endelea kutumia magunia ya kisasa yasiyopitisha hewa, au ghala kavu lenye magunia yaliyoinuliwa kutoka sakafuni.

JE, TUGEUZE MAHINDI YETU KUWA MIFUKO?

Tupige hesabu ya kalamu. Gunia la kilo 90 lina wanga wa takribani asilimia 70, yaani kilo 63. Mfuko mdogo ukitumia gramu 5 za wanga, gunia hilo lingetoa, bila kupoteza chochote, mifuko 12,600. Hiyo si haba. Lakini gunia hilo hilo linakaribia kiasi cha mahindi ambacho Mkenya mmoja hukadiriwa kula kwa mwaka mzima. Katika eneo linalotegemewa kulisha nchi, ugali una haki ya kwanza.

Njia yenye busara ni kutazama kile kinachobaki. Punje zilizovunjika ambazo ni safi. Maganda ya muhogo, ambayo bado yana wanga. Makapi ya miwa, yenye selulosi. Maji ya jibini ambayo mtengenezaji mdogo huyamwaga au kuwapa nguruwe. Vipande vya ngozi kutoka machinjioni.

Mfano mzuri uko kwa majirani. Mwaka 2004, John Muyonga wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake walichapisha utafiti kuhusu jelatini waliyoitoa kwenye ngozi na mifupa ya sangara, samaki wa Ziwa Victoria ambaye viwanda huchukua minofu yake na kuacha mengine. Waligundua kwamba ngozi ilitoa jelatini yenye nguvu zaidi ya kuganda kuliko mifupa. Kilichoonwa kuwa uchafu wa kiwanda kikawa malighafi ya kupimwa na kupangiwa daraja. Hakuna sababu mabaki ya vinu na ya maziwa yetu yasitazamwe kwa jicho hilo.

Jambo moja lisipuuzwe: mahindi yaliyoota ukungu yasigeuzwe kuwa kifungashio cha chakula kwa kisingizio kwamba "hayaliwi". Sumu yake haiondoki kwa kupikwa.

JARIBU MWENYEWE

Jaribio hili linafaa vilabu vya sayansi shuleni, na halihitaji maabara.

1. Chukua maji mililita 100, chini kidogo ya nusu glasi. Koroga humo vijiko viwili vidogo vya wanga wa mahindi, ule mweupe laini wa kuongezea mchuzi uzito. Unga wa ugali haufai kwa sababu una chembe kubwa.

2. Ongeza robo kijiko kidogo cha gliserini. Pasha moto polepole ukikoroga bila kuacha. Wanga huanza kufura kwenye nyuzi joto 60 na kitu. Utaona mchanganyiko ukiacha weupe na kuwa mzito, unaopitisha mwanga.

3. Mwaga kwenye sahani bapa iliyopakwa mafuta kidogo, utandaze uwe mwembamba. Uache kivulini siku mbili.

4. Rudia, lakini safari hii uongeze kijiko kimoja kidogo cha jelatini iliyolowekwa, baada ya kuepua motoni.

5. Linganisha tando mbili: kunja, vuta, kisha weka kipande cha kila moja kwenye maji baridi na kingine kwenye maji ya moto. Andikeni mlichoona. Wanafunzi wanaotafuta mradi wa Mashindano ya Sayansi na Uhandisi wanaweza kuanzia hapa, wakibadilisha kipimo kimoja kila mara.

MASWALI YA KUMUULIZA MUUZAJI

Kabla ya kununua mifuko inayodaiwa kuwa ya wanga au ya kuoza, uliza yafuatayo:

• Imetengenezwa kwa nini hasa? Jibu la "malighafi za asili" halitoshi. Kuna plastiki ya kawaida iliyotiwa dawa ya kuifanya ikatike vipande vidogo juani. Vipande hivyo havionekani kwa urahisi, lakini ni plastiki bado.

• Je, kuna wanga peke yake au kuna kitu kingine? Mifuko mingi imara ya kuoza huchanganya wanga na aina ya plastiki inayoweza kuliwa na viumbe vidogo. Hiyo haiyeyuki majini, kwa hiyo kuloweka mfuko hakutoshi kukupa jibu. Lililo muhimu ni kama umepimwa na kuthibitishwa.

• Uthibitisho uko wapi? Dai alama ya Shirika la Viwango nchini, KEBS, na uhakikishe kwa NEMA kwamba mfuko wa aina hiyo unaruhusiwa. Faini ikija haimtafuti aliyekudanganya peke yake.

• Protini yake imetoka wapi? Mwenye mzio wa maziwa, soya au kamba anaweza kudhurika na utando uliopakwa kwenye chakula. Jelatini inaweza kuwa ya ng'ombe, samaki au nguruwe, na kwa ndugu zetu Waislamu na wengine wenye miiko hili si jambo dogo. Mnunuzi ana haki ya kuambiwa.

• Itumike kwa muda gani, na ihifadhiwe vipi? Muuzaji mkweli atakuambia uiweke mbali na unyevu na panya. Panya hupenda wanga hata ukiwa umbo la mfuko.

KWA SASA TUFANYE NINI?

Kwa mizigo ya kawaida ya sokoni, kikapu cha kiondo, mfuko wa kitambaa na gunia la katani bado havijapata mpinzani. Hudumu miaka, havina haja ya cheti, na vingi hufumwa na mikono ya watu wetu. Utando wa wanga na protini utashika nafasi pale kikapu kisipofika: kwenye ganda la tunda linalosafiri mbali, kwenye kifungashio kidogo cha bidhaa kavu, na kwenye mfuko wa taka za jikoni unaozikwa pamoja na kilichomo.

Wafanyabiashara, vikundi vya akina mama na vijana wanaofikiria kuingia katika biashara hii wanashauriwa kuanza na maafisa wa kaunti wa mazingira na wa kilimo katika wadi zao kabla ya kununua mashine. Swali la kwanza la kwenda nalo ni mfuko huo utabeba nini, kwa siku ngapi, na katika hali gani ya hewa. Mashine na bei zifuate baada ya jibu hilo.